Jinsi ya kuleta pikipiki za mashindano Dodoma bila kulala mpakani

Mbukwenyi wadau. Juzi kuna dogo kanipigia toka Nairobi, timu yao ya motokrosi, zile mbio za pikipiki kwenye njia ya vumbi na matuta, inakuja kukimbia huku kwetu, waendeshaji watatu pikipiki sita, anauliza aanzie wapi. Nikamwambia subiri niandike yote mara moja, maana hili swali naulizwa kila msimu na nikianza kulijibu kwa simu vocha inaisha sijafika hata Namanga. Mimi ni mtu wa Kenta, yale malori madogo, naishi Kizota hapahapa Dodoma, nilianza kwa kubeba zabibu na alizeti, pikipiki zilikuja baadaye baada ya jamaa mmoja kuzidiwa na mzigo akaniomba nimsaidie.

Hatua ya 1: Hesabu kwa kurudi nyuma

Usianze na siku ya kuondoka, anza na siku pikipiki inapokaguliwa na waandaaji, hiyo ndo siku yako halisi, ukiikosa hukimbii hata kama mbio ni kesho yake. Tuseme ukaguzi ni Jumamosi asubuhi. Mzigo uwe Dodoma Alhamisi jioni, maana Ijumaa ni ya kufunga tenti na kutafuta kile ulichosahau (kipo, we subiri). Kwa hiyo Namanga unavuka Jumatano asubuhi na mapema, unalala Babati, Alhamisi unamalizia Kondoa mpaka Dodoma. Karatasi zinamfikia wakala wa forodha wiki mbili kabla ya hapo, na orodha ya vifaa inafungwa wiki tatu kabla. Ikifungwa imefungwa, usiniletee habari za "kaka tumeongeza injini moja ya akiba" lori liko Longido tayari.

Hatua ya 2: Orodha, na hapa ndo pa kutoa jasho

Pikipiki ya motokrosi haina namba za usajili. Kwa hiyo mpakani haihesabiki kama chombo cha msafiri, ile ni mzigo, inaingizwa kwa muda chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Maana yake hulipi ushuru ila unaweka dhamana, na unaahidi kwamba kilekile kilichoingia kitatoka ndani ya muda uliopewa, na muda wenyewe hauzidi miezi 12. Neno zito hapo ni kilekile. Kwa hiyo orodha yako isiandikwe "pikipiki 6", iandikwe kila moja na namba ya chesisi na namba ya injini, uzisome kwenye chuma chenyewe na tochi mkononi, usinakili kwenye orodha ya mwaka jana maana fundi alishabadilisha injini na hakukwambia. Vifaa vyenye namba andika namba, visivyo na namba hesabu. Na upande wa Kenya uwe na karatasi za kuonyesha vimetoka kwa muda, la sivyo unarudi kwenu wanakuona unaingiza pikipiki mpya.

Vitu vinavyotumika vikaisha, kama oili, vilainishi, grisi, viandike pembeni kabisa. Hivyo havirudi, kwa hiyo vilipie au vinunue hukuhuku.

Kama timu inatoka mbali, mfano Afrika Kusini, watakuja na kile kitabu cha ATA wanachokiita pasipoti ya mizigo, na ni kweli timu za mbio za dunia zinavuka nacho nchi nyingi kwa mhuri tu. Ila Tanzania haimo kwenye mfumo huo, kwa hiyo waambie mapema kabla hawajapanda ndege na matumaini yao. Na lori lako likienda nchi jirani usisahau Yellow Card ya COMESA, ile bima ya kuvuka mipaka.

Hatua ya 3: Pima boksi kabla hujapima pikipiki

Hii ni kwa wanaokuja kwa ndege kupitia Dar. Ndege haikutozi kwa kilo peke yake, wanachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita wanagawa kwa 6000, afu wanalinganisha na uzito wa mzani, kikubwa ndo unacholipa. Pikipiki ya cc 450 ina kama kilo 110. Ukiitia nzima kwenye kreti ya 220 kwa 70 kwa 120 unapata kilo 308, yaani unasafirisha hewa. Toa tairi la mbele, legeza hendeli ulaze, kreti ikashuka mpaka 190 kwa 60 kwa 105, unalipia kama kilo 200. Spana mbili na nusu saa ya kazi zimekuokolea kilo mia kwa kila pikipiki. Tenki liwe kavu, betri ichomolewe, na mtamke kwamba humo kuna kitu kinachotembea kwa petroli, usifiche.

Hatua ya 4: Usiweke kila kitu kwenye chombo kimoja

Machi 2022 mbio za MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki za dunia, zilikimbiwa Mandalika kule Indonesia, tarehe 20, na zinazofuata zilikuwa Argentina, Termas de Río Hondo, tarehe 3 Aprili. Wiki mbili. Ulaya wanahama kwa malori, ila safari kama hizo wanakodi ndege za mizigo, na moja ikaharibika Mombasa. Ndiyo, Mombasa hapahapa! Makreti ya timu kadhaa yakakwama, wenzao wameshafika wanawasubiri, mazoezi ya Ijumaa yakafutwa yote yakabanwa Jumamosi. Jumapili mbio zikakimbiwa, mwendeshaji Aleix Espargaró akakipa kiwanda cha Aprilia ushindi wake wa kwanza kwenye daraja hilo. Sasa kama wale wenye hela zile wanaweza kukwamishwa na ndege moja, mimi na wewe na Kenta yenye gia inayogoma ni nani.

Kwa hiyo gawa. Kila mwendeshaji awe na begi la mkononi: helmeti, buti, leseni, nakala ya orodha, na kile kiboksi cha umeme cha akiba kama unacho. Hilo begi halipandi lori. Anayetua Dar apande nalo treni ya SGR, chini ya saa nne yuko Dodoma. Pikipiki akikosa ataazima, ila buti namba 46 utaazima kwa nani hapa mjini?

Hatua ya 5: Kupakia

Masanduku ya spana mbele, yaegemee kebini. Pikipiki ziangalie mbele, na kati ya tairi la mbele na madigadi weka kibao, ndo ukaze mikanda. Usipoweka kibao shokapu zinabaki zimebanwa njia nzima na ukifika sili zinavuja. Mikanda minne kila moja, miwili mbele miwili nyuma, kaza, tembea kilomita ishirini, simama ukaze tena. Ziba ekzosi na tundu la hewa, vumbi la huku halibishi hodi. Tenti na jenereta vinaingia mwisho kwa sababu ndo vinatoka kwanza, na msimu wa upepo beba ndoo za kujaza mchanga, niliwahi kuifukuza tenti ya watu nusu uwanja watoto wananicheka.

Hatua ya 6: Njiani

Babati mpaka Dodoma ni kilomita 251 za lami ila zile kona na milima ya Kolo zipite mchana, mbuzi wa kule wana haki ya barabara kuliko wewe. Mzani ukiuona ingia, usijisemeshe "nimebeba pikipiki sita tu". Kwa wanaotoka Dar ni hivyohivyo kwenye mizani ya Vigwaza na Mikese.

Hatua ya 7: Kurudi

Mwaka fulani tuliingia na tairi kumi na mbili, mbio zikaisha, mimi kwa roho nzuri nikawagawia mafundi wa mtaani tairi mbili zilizoisha, na kava la injini lililopasuka nikalitupa jalalani. Mpakani wakahesabu kumi. Namwambia afisa zimeisha, ananiambia zilizoisha ziko wapi, na kwa kweli alikuwa sahihi, karatasi ilisema kumi na mbili. Tukakaa pale mpaka jioni, ushuru tukalipa, dhamana ikachelewa kufunguliwa. Sasa hivi natembea na gunia limeandikwa VIBOVU, kila kinachovunjika kinaingia humo, na nalipakia juu kabisa, afisa akiuliza tu naanza kulifungua.