Mama anaanza kemo Kisumu, nawe uko ng'ambo

Mamangu alipoanza kemo, yaani dawa za saratani, Kisumu, mimi nilikuwa Minneapolis, Marekani. Saa mbili asubuhi kwao ilikuwa saa sita usiku kwangu, na simu ya kwanza kutoka kwa dada yangu haikuwa ya machozi. Alikuwa kwenye benchi la hospitali, kitambulisho cha mama mkononi, anauliza, "Kaka, ile SHA ya mama ulilipa?" Sikuwa nimelipa. Wiki nzima nilikuwa nimesoma majina ya dawa hadi nikayakariri, lakini pesa ya bima niliiahirisha kila siku.

Mzunguko wa pili wa dawa nilikuja mwenyewe nikaketi kando ya kiti chake. Kwa hiyo siku hii nimeiona kutoka kwenye simu na kutoka kwenye benchi, na ninamwandikia yule ambaye mzazi wake yuko Luanda, Siaya, Kakamega au Bungoma, naye yuko mbali anatafuta la kufanya. La kufanya lipo, ila si lile tunalodhani. Dawa ina wenyewe. Kazi yako iko asubuhi kabla ya dripu, na katika wiki mbili zinazofuata.

Kabla ya siku yenyewe

Wagonjwa wengi wa magharibi hupelekwa Kisumu au Eldoret. Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya Moi. Kisumu kuna Jaramogi, ambayo wengi bado wanaiita Russia kwa sababu Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga miaka ya 1960. Mtoto wako aliyezaliwa huko akisikia nyanya amepelekwa Russia, mtulize, hajapanda ndege.

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Mzazi asiye na ajira hulipiwa mchango wa mwaka mzima mapema, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Wengine hupangiwa zaidi kulingana na hali ya nyumba. Kuangalia kama mchango uko hai ni kubonyeza *147# kwenye simu iliyosajiliwa. Hapo kwenye "simu iliyosajiliwa" ndipo familia nyingi hukwama. Laini ya mama ilisajiliwa na mjukuu, mjukuu yuko shuleni, simu imezimwa. Tafuteni hiyo laini wiki moja kabla. Halafu kuna vidole. Mtu aliyeshika jembe miaka 50, alama zake huenda mashine isizisome mara ya kwanza wala ya tatu. Mpeleke mapema ajaribu, asiende kujaribia siku ya dripu. Na mwulize mhudumu wa bima wa hospitali maswali mawili: kibali cha matibabu haya kimerudi? Kikomo cha kaya kwa mwaka huu kimebaki kiasi gani?

Omba pia daktari aandike kwenye karatasi majina ya dawa, idadi ya mizunguko, na siku kati ya mzunguko na mzunguko. Mara nyingi ni siku 21, kuna za 14, na kuna za kila wiki. Karatasi hiyo ipigwe picha utumiwe. Ndiyo kalenda yako ya pesa na ya tiketi.

Sasa lile ambalo halina namba ya kubonyeza. Je, mama anajua anaumwa nini? Nyumba nyingi kwetu mgonjwa ndiye wa mwisho kuambiwa. Watoto wote wanajua, jirani anajua, mama ameambiwa ni vidonda vya tumbo. Nia ni njema, lakini siri hiyo haivuki mlango wa wodi ya kemo. Atawekewa fomu ya kukubali matibabu, nesi atamweleza, na hata nesi akinyamaza, mama wa kiti cha pili atamgeukia, "Yako ni ya matiti ama ya mlango wa uzazi?" Asijue kutoka kwa mgeni. Kwetu aliyemwambia mama ni mjomba, kaka yake mkubwa, chini ya mwembe, kwa Lunyore, lugha yetu. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza nani atamkamulia ng'ombe siku hizo. Mimi ningetoa hotuba.

Asubuhi

Siku ni ndefu. Panga kutwa nzima, hata kama dawa yenyewe ni ya saa mbili au tatu. Kuna foleni ya faili, ya daktari, ya damu, na ya dawa kutayarishwa.

Damu hupimwa ama asubuhi hiyo ama siku moja au mbili kabla: seli za damu, figo, ini. Tuliwahi kufika na majibu ya zamani kupita yaliyotakiwa, ikabidi kurudia, nusu siku ikaisha. Kwa hiyo uliza yanatakiwa ya siku ngapi. Uzito na urefu navyo hupimwa kwa makini, kwa sababu dozi nyingi hukokotolewa kutokana navyo. Mama akikonda sana kati ya mizunguko, waambieni wapime upya.

Seli nyeupe zikiwa chini, au figo zikilalamika, daktari atasogeza tarehe. Hilo si kufeli, na si uzembe wa mtu. Ndiyo maana sikushauri ukate tiketi ya siku nne kuja kuona kemo ya kwanza. Unaweza kufika, ukaiona damu ikikataa, ukarudi kazini bila kuona kitu. Kama likizo ni fupi, ningekuambia uje wiki ya pili baada ya dawa. Sababu utaiona mbele. Na kama umeshuka kwenye ndege na kikohozi, lala kwa binamu kwanza. Najua ni uchungu.

Anywe chai, ale chakula chepesi, isipokuwa ameambiwa vinginevyo. Nguo iwe ya mikono inayopanda kwa urahisi. Kwenye kikapu watie leso, sweta na soksi (maji ya dripu humfanya mtu ahisi baridi hata Kisumu ile ya jua kali), uji kwenye chupa ya chai, na dawa zote anazokunywa nyumbani, za presha, za sukari, pamoja na zile za miti shamba mnazojifanya hamzijui. Daktari aambiwe hizo za mwisho bila aibu. Baadhi huchosha ini au kugongana na kemo.

Kwenye kiti

Wengi hudhani kemo ni mashine, au ni moto. Ni dripu. Sindano inaingia mkononi, na kama titi moja limetolewa pamoja na tezi za kwapa, nesi aambiwe ili atumie mkono wa upande mwingine. Chupa za kwanza hazina kemo: ni maji ya chumvi, dawa ya kuzuia kutapika, na mara nyingi deksamethasoni. Hii ya mwisho itamnyima usingizi usiku, itampa njaa na kupandisha sukari. Mwenye kisukari apimwe sukari mara nyingi zaidi siku hizo.

Kisha dawa yenyewe, na hapa inategemea karatasi ile. Doksorubisini ni nyekundu, na mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili, si damu. Paklitakseli huchukua kama saa tatu, na nesi hukaa karibu dakika za mwanzo kwa sababu ndipo aleji hutokea: kifua kubana, uso kuwaka, mgongo kuuma ghafla. Wakiona hivyo husimamisha dripu, hutibu aleji, na mara nyingi huweza kuendelea polepole. Sisiplatini huja na maji mengi ya kulinda figo, basi ombeni kiti kilicho karibu na choo. Oksaliplatini humfanya mtu achomwe na baridi, hata ya glasi ya maji ya friji, kwa hiyo vinywaji viwe vya uvuguvugu siku kadhaa.

Kuna jambo moja ambalo lazima lisemwe palepale: mkono ukichoma, ukivimba au kuuma panapoingia sindano, nesi aitwe mara moja. Baadhi ya dawa hizi zikitoka nje ya mshipa huharibu nyama. Mama zetu wamelelewa kuvumilia, na kwenye kiti hiki uvumilivu ni hatari. Mwambie anayemsindikiza asiulize "Uko sawa?", maana jibu la "niko sawa" mama analo tayari. Atazame mkono. Aguse. Aulize, "Hapa pako vipi?"

Mengine ni kuchoka kwa kukaa. Watu husinzia, husali, husimuliana bei ya mahindi. Wewe wa ng'ambo, usipige simu ya video kila nusu saa. Mama atajitahidi kukutabasamia, na hiyo nayo ni kazi.

Usiku, na siku ya kumi

Anaweza kurudi nyumbani akila ugali na wote wakasema dawa haikumshika. Kichefuchefu mara nyingi huja usiku au kesho yake. Vidonge vya kuzuia kutapika hunywewa kwa saa kama ilivyoandikwa. Asingoje kutapika ndipo anywe. Omena zipikwe kwa jirani siku hizo, harufu yake tu itammaliza. Kinywa asukutue kwa maji ya chumvi kidogo, na mswaki uwe laini.

Kwa saa 48 hivi, mkojo, choo na matapishi hubeba mabaki ya dawa. Anayesafisha avae glavu, shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake, choo cha shimo kifunikwe, mikono ioshwe. Basi. Kumkumbatia, kula naye sahani moja, mjukuu kulala mapajani mwake, havina neno. Nasema hivi kwa sababu nimeona mama wa watu akitengewa kikombe chake kama mwenye ukoma.

Nywele, kama dawa yake ni ya kung'oa nywele, hutoka wiki ya pili au ya tatu. Wengine hunyoa mapema. Mwacheni aamue.

Linalonikosesha usingizi ni homa. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne seli nyeupe hushuka kabisa, na mwili hauna askari. Na sisi tunatoka Nyanza na Magharibi, ambako homa jina lake ni malaria. Mtu akitetemeka, mtoto anatumwa dukani na anarudi na dawa ya malaria na Panadol, mnalala. Kwa mtu aliye kwenye kemo, kulala huko kunaweza kuwa kwa mwisho. Nyuzi 38 au zaidi ni safari ya hospitali usiku huohuo, apimwe malaria ndiyo, lakini apimwe na seli za damu, aanzishiwe antibiotiki ya mshipa bila kungoja. Panadol isitangulie themometa, kwa sababu huficha homa. Na mlangoni pa hospitali neno la kwanza liwe: "Huyu yuko kwenye kemo, siku ya tisa." Bila hilo atapangwa foleni na wenye mafua.

Hapo ndipo pesa yako inafanya kazi kuliko mahali pengine. Usimnunulie mama dawa za kemo huko uzitie kwenye sanduku. Nyingine hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 njia nzima. Ada ya hospitali ilipwe hospitalini moja kwa moja, na ukumbuke M-Pesa haivushi zaidi ya 250,000 kwa mara moja. Weka akiba kwa anayemsindikiza, kwa sababu siku nyingine dawa moja hukosekana ikabidi kuinunua mjini. Na mlipe mwenye gari. Jirani mwenye Probox, mmoja, anayelala karibu, apewe cha awali na namba yake ibandikwe ukutani: usiku wowote katika wiki hizo mbili akipigiwa, anakuja.

Wageni nao watakuja, akina mama wa kanisa kwa makundi. Wawekewe viti nje, upepo ukipita, na mwenye mafua asalimie kwa mbali. Asemaye hivyo asiwe mkaza mwana, atachukiwa. Aseme mzee wa nyumba, au wewe kwa simu: "Daktari amekataza." Lawama za mtu wa ng'ambo huisha haraka.

Themometa nilimtuma nayo mwenzetu wa kanisa aliyekuwa anasafiri, nzuri, ya duka la dawa la Minneapolis. Usiku wa siku ya tisa dada alinipigia: mama anatetemeka, na themometa imeharibika, inasoma 100.9. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inahesabu Kimarekani. Kwa nyuzi zetu ilikuwa 38.3. Mwenye Probox alifika kwa dakika ishirini, amevaa koti juu ya pajama. Mama alilazwa siku nne. Mzunguko wa pili ukasogezwa wiki moja, nami nikalipa faini ya kubadilisha tiketi, na safari hii nikanunua themometa Kisumu.