Jinsi ya Kulinganisha Dawa za Upungufu Sugu wa Chembe Sahani za Damu

Ikiwa kinga ya mwili wako imekuwa ikiharibu chembe sahani, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda, kwa zaidi ya miezi 12, na daktari amekutajia dawa mbili au tatu, usianze kwa kuuliza ipi ina nguvu zaidi. Uliza kwanza kama unahitaji dawa sasa, kwa kuwa mtu mzima asiyetokwa na damu, mwenye chembe 30,000 au zaidi kwa kila mikrolita, mara nyingi hufuatiliwa tu. Hapa Uganda usitegemee kipimo kilichochukuliwa ukiwa na malaria, maana malaria yenyewe hushusha chembe hizo; itibu, kisha upime tena.

Prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili, ni ya bei nafuu na hufanya kazi upesi, lakini haifai kutumiwa kwa miaka: hupandisha sukari na shinikizo la damu na kudhoofisha mifupa. Hata hivyo, usiiache bila daktari kukupunguzia dozi polepole.

Eltrombopagi na romiplostimi huchochea uboho ulio ndani ya mifupa kutengeneza chembe sahani mpya, na matokeo huonekana kwa kawaida baada ya wiki 1 hadi 2. Kati ya hizi mbili, naona utaratibu wa nyumbani ndio unaoamua. Eltrombopagi ni kidonge cha kila siku, ambacho hunaswa tumboni na kalsiamu, chuma na zinki. Kwa hiyo kimeze saa 2 kabla ya chai ya maziwa, bongo (maziwa ya mgando), mukene (dagaa) au dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, au saa 4 baada yake, na ini lako lipimwe mara kwa mara. Romiplostimi haina masharti ya chakula, ila ni sindano ya kila wiki inayotunzwa kwenye jokofu, kwa hiyo aishiye mbali na kliniki ahesabu nauli pamoja na bei ya dawa. Zote mbili zaweza kusababisha damu kuganda mishipani, na ukizikatiza ghafla chembe zaweza kushuka sana. Basi ulizia gharama ya miezi 6, si ya pakiti moja.

Rituksimabu, ambayo nayo hutuliza kinga ya mwili, hutolewa kwa dripu, mara nyingi mara moja kwa wiki kwa wiki 4, na baadhi ya wagonjwa hukaa muda mrefu bila kuhitaji dawa nyingine. Nasisitiza usiikubali kabla ya kupimwa homa ya ini ya B, hasa ukitoka kaskazini ambako maambukizi ni mengi, kwani dawa hii huweza kuamsha virusi vilivyolala.

Dawa yoyote utakayochagua, kichwa kikiuma meza parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni, ambazo huzidisha hatari ya kutokwa na damu.