Namna ya kuingia kwenye orodha ya msaada wa chakula mjini Goma

Siku magunia yanaposhushwa, orodha imeshafungwa zamani. Asiye na jina atasimama kwenye mstari na kurudi na jua kichwani. Kazi yenyewe inafanyika mapema, kwenye avenue yako.

Anza kwa kiongozi wa nyumba kumi, kisha uende kwa shefu wa avenue. Msalimie, mweleze mko wangapi na mlitoka wapi, umwombe akuandike kwenye daftari la wakaaji. PAM (Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa) au shirika linaloisaidia likija kuhesabu watu, mara nyingi linapitia kwa viongozi hao. Waliotoka kambi za wakimbizi wa ndani za Bulengo au Kanyaruchinya mwanzoni mwa 2025 na sasa wanalala kwa jamaa wasipuuze hatua hii: jeto (kijikadi cha kupokelea msaada) ya kambi peke yake haimjulishi mtu mtaani. Kama wewe na aliyekupokea kila mmoja anapika chungu chake, semeni hivyo tangu mwanzo.

Kitambulisho ni kadi ya mpiga kura. Imepotea? Uliza kwenye buro ya kartye (ofisi ya mtaa) namna ya kupata atestasyo (hati) ya kupotelewa. Hapa ndipo wengi wanakwama: kadi inasema Furaha, daftari linasema Mama Amani. Andikisha jina la kwenye kadi, herufi kwa herufi.

Wapimaji wa shirika wakifika kuangalia hali yenu, uwe nyumbani. Watauliza mlichokula siku saba zilizopita, nani mgonjwa, nani mjamzito, nani mlemavu. Usiongeze watoto wa jirani. Jirani naye ataulizwa. Na tusidanganyane, umaskini peke yake hautoshi, maana chakula hakiwafikii wote.

Ukichaguliwa, wanaweza kuchukua picha na alama za vidole. Taja hapohapo mtu wa kukupokelea ukiugua. Unaweza kupewa unga, maharagi, mafuta na chumvi, au pesa badala yake.

Kuandikwa ni bure. Anayedai hata franka mia tano, au kitu kingine chochote, ili akuandike, mpeleke kwa kamati ya malalamiko au piga namba ya bure iliyobandikwa mahali pa ugawaji. Si lazima ujitaje.

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 aliyekonda asingoje orodha yoyote. Mpeleke kituo cha afya wampime mzunguko wa mkono wa juu: chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na matibabu yake, pamoja na Plumpy'Nut (chakula cha tiba cha karanga), hayahitaji jeto.