Eabrashi au mekapu ya brashi siku ya harusi: jinsi ya kuamua hatua kwa hatua

Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao, na alinijia na swali ninaloulizwa na karibu kila bibi harusi: "Dada, nipulizwe au nipakwe?" Tulikaa jioni nzima mpaka tukapata jibu. Naandika njia tuliyopita, kwa sababu wengi huamua kwa kutazama picha za maharusi wengine, na picha haikuonyeshi ngozi ya yule mtu ilikuwaje kabla ya kupambwa.

Kabla ya yote, jambo moja huwa halisemwi. Eabrashi ni fondesheni nyepesi inayopulizwa kama ukungu kwa kipulizio kidogo chenye umbo la kalamu, kilichounganishwa na kompresa, yaani mashine ndogo ya kusukuma hewa. Ukipulizwa, kwa kawaida ni ngozi tu inayopulizwa. Nyusi, kope na midomo hufanywa kwa mkono kama kawaida, kwa hiyo unachochagua hapa ni namna ya kupaka msingi, yaani fondesheni.

Hatua ya 1: Isome ngozi yako

Nawa uso, kausha, kaa saa nzima bila krimu yoyote. Kisha sogea dirishani na kioo.

Kama paji la uso na pua vinang'aa mafuta na mashavu ni laini, eabrashi itakukaa vizuri. Kama kuna sehemu kavu zinazobanduka, hata kidogo pembeni mwa pua, mimi nashauri brashi na sponji. Ukungu hutua juu ya magamba na kuyachora moja moja, wakati sponji yenye unyevu huyalaza. Vinyweleo vya mashavuni navyo hushika matone, na ukigeuka kwenye mwanga wa pembeni vinaonekana.

Chunusi iliyovimba haifichwi na njia yoyote kati ya hizi mbili. Rangi inaziba rangi, kimo kinabaki. Madoa meusi ni suala jingine: kwenye ngozi nyeusi yanahitaji kwanza rangi ya chungwa ya kusahihisha, ipakwe kwa mkono palepale penye doa. Anayejaribu kuyaziba kwa kupuliza tabaka juu ya tabaka huishia na uso wenye kijivu.

Hatua ya 2: Je, wewe ni mtu wa kulia?

Jibu kwa ukweli. Chozi likipita juu ya eabrashi linaweza kuacha mfereji, na ukiufuta unachukua fondesheni yote ya pale. Kuurudisha bila kipulizio ni kazi, kwa sababu kiraka cha sponji hakifanani na kilichopulizwa. Kwenye mekapu ya mkono, sponji na poda kidogo vinamaliza tatizo kwa dakika moja.

Hatua ya 3: Uliza kilichomo kwenye kipulizio

Fondesheni za eabrashi hazifanani. Za maji ni nyepesi na huonekana kama ngozi yenyewe, ila jasho huzishinda mapema. Za silikoni hustahimili jasho na joto, na ndizo ninazozipendelea kwa harusi. Za alkoholi zinashika sana lakini hukausha. Mimi huzitumia kuficha tatuu mwilini, usoni sizipeleki. Mpambaji asiyeweza kukujibu swali hili, tafuta mwingine.

Hatua ya 4: Vinavyokaa chini ya fondesheni

Hapa ndipo nilipopoteza saa mbili za asubuhi ya harusi ya mtu, na sijasahau.

Nilikuwa na fondesheni ya silikoni. Bibi harusi alikuwa ameamka mapema akajipaka krimu nzito kwa nia njema, ili ngozi iwe laini. Nikaweka praima, ile ya kuandaa ngozi kabla ya fondesheni, nikapuliza, ikapendeza. Nilipogusa shavu kwa brashi ya poda, fondesheni ikaanza kujikunja na kutoka vijipande, kama uchafu wa raba ukifuta maandishi ya penseli. Nikaongeza poda, ikazidi. Nikapuliza tena, vijipande vikapata rangi. Mwishowe tulinawa uso wote tukaanza upya, na nyusi nilizokuwa nimeshamaliza zikaenda na maji.

Tangu siku hiyo nafuata haya:

- Maji juu ya maji, silikoni juu ya silikoni. Soma nyuma ya chupa ya praima: majina yanayoishia na *-cone* au *-siloxane* yakiwa mwanzoni mwa orodha, hiyo ni ya silikoni. Lakini soma orodha yenyewe, usiishie neno la kwanza, kwa sababu zipo bidhaa zinazoanza na maji na bado zimejaa silikoni.
- Krimu ya asubuhi iwe nyepesi na kidogo, kisha subiri dakika 15 kamili. Bonyeza tishu usoni. Ikitoka na mafuta, bado.
- Usijipake chochote nyumbani kabla mpambaji hajafika. Kama ngozi yako haivumilii, mwambie umepaka nini.
- Vitu vya majimaji na vya krimu vitangulie, poda ije mwisho. Konsila (ya kuficha madoa) ya krimu juu ya poda hufanya mabonge, uwe umepulizwa au umepakwa.
- Krimu ya kuzuia jua yenye zinki au titani inaweza kukutoa mweupe kwenye fleshi ya kamera. Ijaribu kwanza, usiikute kwenye albamu.

Mekapu ya mkono nayo hujikunja, ila mkono unahisi mapema: sponji inaanza kuteleza na unaacha. Kipulizio hakigusi ngozi, kwa hiyo hakikuambii kitu.

Hatua ya 5: Jaribio la siku nzima

Lifanye wiki 3 au 4 kabla. Siku mbili kabla ya jaribio, paka fondesheni kidogo nyuma ya sikio kuona kama inakuwasha.

Ukishapambwa usikubali rangi palepale. Subiri nusu saa, kwa sababu fondesheni nyingi hukolea zikikutana na mafuta ya ngozi. Linganisha taya na shingo, na kifua kama gauni liko wazi. Piga picha dirishani, nje juani, na kwa fleshi. Kisha kaa nayo saa 8: kula, cheka, tembea, kumbatia mtu aliyevaa nguo nyeupe utazame begani mwake. Jioni angalia pembeni mwa pua na chini ya macho, maana huko ndiko inakoanza kuachia.

Hatua ya 6: Amua

Mafuta, joto, ngozi laini, macho makavu: puliza. Ukavu, madoa mengi, machozi ya karibu: brashi. Inawezekana pia kuchanganya, madoa yazibwe kwa mkono kisha upulizwe tabaka moja jembamba juu, mradi vyote viwe vya aina moja.

Mdogo wangu amechagua brashi. Ana ukavu kidevuni, na alishaanza kulia tukiwa bado kwenye hatua ya 2. Kwenye mkoba wa msimamizi wake tutaweka sponji ndogo, poda, rangi ya mdomo na tishu. Nimeshamwonyesha msimamizi namna ya kuitumia tishu: unaikunja mpaka ipate ncha, unaigusisha ukingoni mwa kope la chini, unaiacha inywe chozi kabla halijashuka shavuni. Asifute.