Kupanga ziara ya kiroho ya kikundi kwenye mahekalu ya Misri

Saa 4 asubuhi hekalu la Karnak, mjini Luxor, huwa limejaa watu wa mabasi, na kila mwongozaji anapaza sauti ili asikike kuliko mwenzake. Saa 12 asubuhi, lango linapofunguliwa, nguzo 134 za ukumbi mkuu husimama peke yake na kinachosikika ni ndege. Hekalu ni lilelile. Kwa hiyo anayeandaa ziara ya kiroho asijisumbue sana kurefusha orodha ya maeneo. Kazi yake hasa ni kutafuta utulivu, na utulivu huo hupatikana kwa ratiba, vibali na idadi ya watu, mambo ambayo huamuliwa miezi 10 hadi 12 kabla ya kupanda ndege.

Idadi na hesabu ya fedha

Watu 12 hadi 16 wanatosha. Chumba cha Mfalme ndani ya piramidi kubwa ya Khufu, Giza karibu na Kairo, kina urefu wa mita 10.5 na upana wa mita 5.2: watu 16 wanaketi kuzunguka kuta wakiwa na nafasi ya kupumua, lakini wakiwa 30 joto na jasho vitawatoa nje kabla hawajatulia. Dahabia, yaani mashua ya tanga yenye vyumba vya kulala, nyingi hubeba idadi hiyohiyo, hivyo kikundi kinaweza kuikodi nzima kisichanganywe na wageni wengine.

Gharama zigawe mafungu mawili. La kwanza ni zile zisizobadilika hata mtu mmoja akijitoa: basi, mwongozaji, vibali, nauli na chumba cha kiongozi. La pili ni za kila kichwa: hoteli, tiketi, chakula, ndege za ndani. Makosa makubwa hutokea kwenye fungu la kwanza. Tuseme gharama zisizobadilika ni dola 4,200. Ukigawa kwa watu 14, kila mmoja anabeba 300. Wanne wakijitoa mwezi mmoja kabla, kila aliyebaki anapaswa kubeba 420, na hakuna atakayekubali kuongeza kwa furaha. Basi piga bei kwa watu 10 hata kama umeandikisha 14. Ziada ikibaki, ilipie chakula cha jioni cha mwisho au mfuko wa dharura. Malipo ya kiongozi yaandikwe wazi ndani ya bei. Yakifichwa, yatagundulika tu, na uaminifu ukishavunjika safarini haurudi.

Kabla ya kupokea amana, zungumza na kila mtu peke yake kwa nusu saa. Muulize magoti, moyo, pumu, hofu ya sehemu finyu, na dawa anazotumia. Swali la dawa lisirukwe: dawa za maumivu zenye tramadoli zinadhibitiwa vikali Misri, na yupo mtalii aliyewahi kufungwa kwa kuingia nazo. Droni nazo zibaki nyumbani, maana hunaswa uwanja wa ndege. Muulize pia anatafuta nini. Anayetarajia kuponywa ugonjwa au kuona maono usimwahidi lolote. Mwambie ukweli: utampeleka mahali, utampa muda na kimya, mengine ni yake.

Tarehe

Oktoba hadi Aprili ndio msimu. Kiangazi, Luxor na Aswan hupita nyuzi joto 40, na hapo mtu anawaza kivuli tu. Wiki ya mwisho ya Desemba na ya kwanza ya Januari ziepuke kwa sababu ya msongamano. Angalia pia Ramadhani, ambayo kila mwaka huanza mapema kwa siku 10 au 11 hivi kuliko mwaka uliotangulia: maeneo mengi hufungwa mapema, na madereva na walinzi wamefunga, kwa hiyo ratiba ndefu ya mchana ni kuwaonea.

Abu Simbel, hekalu la Ramses II kusini mwa Aswan, ina siku mbili zinazovutia vikundi vya kiroho kuliko zote: 22 Februari na 22 Oktoba, jua linapochomoza na kupenya hadi patakatifu pa ndani na kuangaza sanamu tatu, huku ya nne, ya mungu Ptah, ikibaki gizani. Ni tukio zuri, ila ni zuri kwa maelfu ya watu kwa pamoja, na mwanga wenyewe hudumu dakika 20 hivi. Kikundi kinachotaka kimya kifike siku moja kabla au siku moja baada yake: jua bado linaingia ndani sana, na umati ni mdogo.

Njia

Kwa siku 13 au 14, mpangilio huu hufanya kazi: usiku mmoja Kairo, ndege kwenda Luxor, usiku tatu au nne Luxor, dahabia kutoka Esna hadi Aswan usiku nne, Aswan usiku mbili, kisha kurudi Kairo usiku mbili. Waandaaji wengi huweka piramidi mwanzoni kwa sababu ndizo zinazouza safari. Ni bora ziwe mwisho. Watu wakishakaa pamoja siku kumi, wamejifunza kunyamaza pamoja. Usiku wa kwanza wangeingia na uchovu wa ndege na simu mkononi.

Dahabia ni ghali kuliko chumba kwenye meli kubwa, lakini ndiyo fedha inayotumika vizuri kuliko zote kwenye bajeti. Meli kubwa hufika kwenye mahekalu ya Edfu na Kom Ombo kwa makundi, hufungwa ubavu kwa ubavu, na dirisha lako linaweza kutazama dirisha la meli jirani. Dahabia hutia nanga El Kab na Gebel el-Silsila, ambako meli kubwa hazisimami, na nahodha anaweza kuombwa mfike hekaluni wengine wakiwa wameondoka. Upepo ukikosa, huvutwa na boti ya injini. Waambie watu mapema wasije wakadhani wamedanganywa.

Hekalu moja kubwa kwa siku. Siku pekee inayostahili kuvunja kanuni hii ni ya Abydos na Dendera. Abydos iko kilomita 160 hivi kutoka Luxor, kwa hiyo ondokeni saa 11 alfajiri na kifungua kinywa cha kubeba, anzeni na hekalu la Seti I lenye vyumba vitakatifu saba, kisha Dendera wakati wa kurudi. Panga vituo viwili vya choo njiani, tena kwa majina ya mahali. Mambo kama haya ndiyo huvuruga tafakari kuliko jambo lolote la kiroho. Dendera, wanaopenda nyota wataulizia zodiaki ya darini, yaani mchongo wa duara wa makundi ya nyota: iliyopo pale ni nakala, ya asili iko jumba la makumbusho la Louvre, Paris.

Jambo jingine la kusema mapema: Philae na Abu Simbel hayapo mahali yalipojengwa. Abu Simbel lilikatwa vipande na kuinuliwa kati ya 1964 na 1968, na Philae likahamishiwa kisiwa cha Agilkia miaka ya 1970, yote kwa sababu ya maji ya mabwawa ya Aswan. Kuna mtu atakayeuliza kama mahali pakihama utakatifu nao unahama. Swali hilo lina thamani likijadiliwa jioni kwenye sitaha. Likizuka gatini watu wakigombea mashua, litawaharibia asubuhi.

Wengine watataka kuongeza Sinai. Mlima una mita 2,285, njia ya Ngazi za Toba ina vidato 3,750, na monasteri ya Mtakatifu Katarina hufungua saa chache tu za asubuhi na hufungwa Ijumaa na Jumapili. Itakula siku tatu. Ifanye safari yake yenyewe.

Wakala, mwongozaji na vibali

Kwa sheria ya Misri, anayetoa maelezo maeneoni lazima awe mwongozaji mwenye leseni ya nchi hiyo. Kiongozi wa kikundi kutoka nje akianza kufundisha kwa sauti mbele ya nguzo, mlinzi atamkatiza. Kwa hiyo mwongozaji si wa hiari, na tabia yake itaipaka rangi safari nzima. Wengi wamefunzwa kuzungumza mfululizo, maana wageni wengi ndivyo wanavyotaka. Mwombe wakala akuunganishe naye kwa simu kabla ya kusaini, kisha mkubaliane: maelezo dakika 15 nje au ndani ya basi, halafu ndani kimya. Ombi hilo halitamshangaza. Bonde la Wafalme, waongozaji hawaruhusiwi kutoa maelezo ndani ya makaburi.

Ziara ya faragha, kikundi peke yake kabla ya kufunguliwa au baada ya kufungwa, huombwa kupitia wakala kwa mamlaka ya mambo ya kale. Kinachoombwa zaidi ni saa mbili ndani ya piramidi ya Khufu, na nafasi ya kusimama kati ya makucha ya Sfinksi. Tuma nakala za pasipoti miezi mitatu kabla, kila jina likiwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, na pasipoti ziwe na angalau miezi sita mbele. Kwenye mkataba yaandikwe mambo manne: kibali kipi kimeahidiwa, nani amelipia, itakuwaje tarehe ikisogezwa, na fedha zitarudi vipi kikikataliwa. Neno "tutajitahidi" lisikubaliwe kwenye kipengele hiki.

Fomu ikiuliza sababu ya ziara, andika ukweli kwa lugha ya kawaida: kukaa kimya na kutafakari. Mamlaka hazipendi kusikia sherehe wala ibada za kikundi. Tarehe 11 Novemba 2011 piramidi ya Khufu ilifungwa siku nzima kwa sababu ya uvumi kwamba makundi yangefanya tambiko humo saa 5 na dakika 11. Uvumi tu ulitosha.

Mkiwa hekaluni

Ubani, mishumaa, ngoma, kupaka sanamu mafuta, kuimba kwa sauti: vyote hivi vitawafukuzisha, na si kwa ukaidi wa walinzi. Moshi hukaa juu ya rangi zilizodumu zaidi ya miaka 3,000, na mafuta ya ngozi huingia kwenye mawe. Kinachowezekana, na kinatosha, ni kuketi kimya dakika 10 hadi 20, macho yamefumbwa, mikono magotini. Ni wachache tu watakaowasumbua.

Karnak, msifuate mkondo. Watu wote huanzia ukumbi wa nguzo, ninyi piteni moja kwa moja hadi upande wa kaskazini kwenye hekalu dogo la Ptah. Humo mna chumba chenye giza chenye sanamu nyeusi ya Sekhmet, mungu wa kike mwenye kichwa cha simba, mwanga ukimshukia kutoka tundu la paa. Mara nyingine mlango hufungwa na ufunguo uko kwa mlinzi. Ingieni watano watano, dakika saba kila zamu, wengine wakingoja uani. Mkirudi ukumbini bado mtakuwa mbele ya mabasi mengi.

Hapo linakuja suala la bakshishi. Mtu mmoja tu awe mlipaji, mwenye bahasha ya noti ndogondogo za pauni za Misri. Kila mmoja akitoa chake, mlinzi wa pili na wa tatu watatokea, na kimya mlichokijenga kitageuka mnada. Tiketi zenyewe ni jambo jingine: maeneo mengi makubwa sasa hupokea kadi ya benki tu, kwa hiyo mnunuzi abebe kadi mbili za benki tofauti.

Kwenye hekalu la Luxor mtaona msikiti wa Abu Haggag juu ya kuta za kale, na bado watu wanasali humo. Adhana ikianza, acheni mlichokuwa mkifanya. Mabega na magoti yafunikwe safari nzima, isiwe msikitini tu.

Maji ni lita tatu kwa mtu kwa siku, na chumvi za kurudisha maji mwilini ziwe kwenye begi la kiongozi. Tumbo huharibika zaidi kati ya siku ya tatu na ya tano; alasiri ya siku ya nne iachwe bila shughuli.

Usiku wa piramidi

Njia ya kupanda ina urefu wa mita 39, kimo cha mita 1.2 hivi na mwinuko wa nyuzi 26, kwa hiyo mtu hupanda ameinama, akishika vyuma pembeni. Baada yake ni Jumba Kuu, ukumbi mrefu wa kupandia, mita 47 kwa mwinuko uleule, ila hapo unasimama wima. Waliotaja magoti au hofu ya sehemu finyu kwenye mazungumzo ya mwanzo waingie wa mwisho, ili wakitaka kugeuka wasipishane na watu 15. Mtu mmoja abaki nao chini, na awe amekubali jambo hilo kabla ya safari.

Saa mbili zigawanywe hivi: dakika 25 kupanda na kutulia, 60 kimya, 15 kwa anayetaka kusema neno, 20 kushuka. Chumbani sauti hunguruma na kurudi, hivyo hata mnong'ono utasikika na wote. Wenye kikohozi watafune pipi mapema. Tochi ziwe mbili, simu zibaki kwenye basi, na saa ya mkononi avae kiongozi peke yake.

Weka kibali siku moja kabla ya siku ya mwisho, na siku ya mwisho iache tupu kabisa hadi saa ya kwenda uwanja wa ndege. Tarehe ikisogezwa kwa siku moja, kama inavyotokea, mtakuwa bado mpo.