Ofa mbili za utafiti kabla ya kuomba udaktari wa meno: uchague ipi

Juzi mdogo wangu alinipigia akiwa na ofa mbili: maabara ya seli ya profesa mwenye jina kubwa, na kazi ya kuratibu utafiti wa wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Swali lake lilikuwa lile lile lililonipotezea mwaka mimi: ipi itapendeza zaidi kwenye maombi? Nilimpitisha hivi.

1. Hesabu miezi. AADSAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya meno Marekani, huanza kupokea maombi yaliyokamilika mwanzoni mwa Juni, na vyuo vingi huyasoma kadiri yanavyoingia. Ukianza kazi Agosti, una miezi kumi tu ya kuonyesha ulichofanya. Makala ya kitaalamu usiitegemee.

2. Kibali. Kama uko kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni Marekani, kazi lazima ihusiane na ulichosomea. Nafasi za NIH, taasisi za serikali ya Marekani za utafiti wa afya, za waliomaliza shahada ya kwanza ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu, hata zile za NIDCR, taasisi yake ya meno.

3. Nani ataandika barua ya kukupendekeza? Hapa ndipo nilipoumia. Nilichagua jina. Mkuu wa maabara nilionana naye mara nne mwaka mzima, na barua yake (nilikuja kuambiwa) ilikuwa aya mbili zilizosema nafika kwa wakati. Aliyenifundisha kila kitu alikuwa mtafiti kijana wa meza ya jirani, ambaye sikuwaza kumwomba.

Kwa hiyo kabla ya kukubali, muulize msimamizi waziwazi: tutakutana mara ngapi kwa wiki? Waliokaa kwenye nafasi hii kabla yangu wako wapi sasa? Kisha watafute hao na uwaulize faragha, wakisitasita, umeshajibiwa. Uliza pia kama anahama chuo au anakwenda likizo ya utafiti. Barua iombe Machi, usingoje Mei. Angalizo: AADSAS hupokea barua nne tu, na vyuo vingi hutaka mbili ziwe za walimu wa sayansi waliokufundisha darasani. Mara nyingi msimamizi wa utafiti hahesabiwi humo, hata awe profesa. Hizo mbili zitafute kabla hujaaga chuo.

Mtafiti kijana na mkuu wakiweza kuandika pamoja, bora zaidi.

4. Saa zako. Seli hulishwa hata Jumapili, na panya hawajui sikukuu. DAT, mtihani wa kuingia vyuo vya meno, utaisomea lini? Daktari wa meno utakaa naye kliniki lini? Mimi napendelea utafiti wa wagonjwa kwa sababu hii: ratiba inajulikana, na unazungumza na watu wenye meno mabovu, jambo utakaloulizwa kwenye usaili. Ila kama ndoto yako ni DMD (shahada ya udaktari wa meno) pamoja na PhD, nenda maabara, usinisikilize.

5. Ofa unayoikataa, ijibu siku hiyo hiyo.

Mdogo wangu alichukua kliniki. Profesa alikuwa hajajibu barua pepe yake kwa siku kumi na moja.