Trekta dogo la zamani: silinda moja au mbili kwa mashamba yetu ya milimani?

Wateja wanaonunua matrekta madogo ya bustani, yale ya petroli yaliyotengenezwa Marekani miaka ya 1960 hadi 1980, huniuliza swali lile lile: "Fundi, nichukue silinda moja au mbili?" Nami nawarudishia swali jingine: oili inafikaje kwenye konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki? Huku kwetu milimani hilo ndilo linaloamua.

Hatua ya 1: Pima shamba

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 3.5 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Iliyoandikwa nguvu za farasi 16, hapa inakupa kama 13. Ya 18 inakupa 14 na kidogo. Silinda ya pili haikuokoi na hasara hiyo. Lakini kukata nyasi kati ya mistari ya parachichi na kuvuta tela la samadi, 13 zinatosha kabisa.

Kisha tazama mteremko. Ukizidi nyuzi 15, trekta lisiende huko, hata liwe na injini gani. Shika fyekeo.

Hatua ya 2: Fuata njia ya oili

Injini za Kohler K301, K321 na K341 (farasi 12, 14 na 16) zina silinda moja iliyosimama wima. Hazina pampu ya oili. Chini ya konrodi kuna kijiti kinachochota oili na kuirusha juu. Tambarare hufanya kazi vizuri mno. Mteremkoni oili hukimbilia upande mmoja, na ikiwa ilikuwa pungufu tangu asubuhi, kijiti kinapiga hewa.

Niliwahi kuletewa injini ya aina hii ya kurusha oili kutoka Tukuyu, ilikuwa ikikata nyasi kwa kuambaa ubavuni mwa kilima. Stiki ya oili ilikuwa kavu. Nilipofungua, konrodi ilikuwa vipande vitatu, na aluminiamu yake imeganda kwenye krenki kama nta iliyomwagika. Blok lilikuwa na tundu la kupita kidole. Mwenyewe alikuwa bado anadaiwa hela ya trekta.

Injini ya Onan ya farasi 18 iliyomo kwenye trekta la John Deere 318 ina silinda mbili zilizolala, kila moja upande wake, na pampu inayosukuma oili kwa presha. Hiyo naiamini zaidi mteremkoni, mradi oili imejaa. Ila usidhani kila silinda mbili iko hivyo: Kohler KT17 ya toleo la kwanza ililisha konrodi zake oili kwa udhaifu, ndipo toleo la pili, Series II, likaja na presha kamili. Soma kibati cha injini kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 3: Jaribu kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda)

Chomoa waya wa plagi. Kwa Kohler ya silinda moja, zungusha flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa mkono *kinyume* na inavyozunguka. Ukiizungusha mbele, kuna kifaa kinachoachia vali kidogo ili injini iwake kwa urahisi, nacho kitakudanganya. Kinyume hakifanyi kazi. Flaiwili ikikurudisha kwa nguvu, ringi na vali ni nzima.

Kwa silinda mbili, tumia geji ya kompresheni kila upande. Namba zikitofautiana sana, usikubali maneno ya "itakaa sawa ikichangamka". Fungua pia bati la kupoozea uone mapezi. Yakiwa yamezibwa na nyasi, injini imepikwa, na kwenye Onan joto hulegeza kiti cha vali ya ekzosti. Hapo geuka uende nyumbani.

Hatua ya 4: Chomoa plagi uitazame

Plagi nyeusi ya masizi isikutishe haraka. Hewa yetu ni nyepesi, na kabureta iliyosetiwa pwani hunywesha petroli nyingi mno huku. Punguza kwa skrubu yake, kisha jaribu tena. Plagi iliyolowa oili ndiyo ya kuogopa.

Hatua ya 5: Uliza spea

Silinda moja ni pistoni moja na konrodi moja. Fundi wa mashine anaweza kuchonga silinda upya ukaweka pistoni ya oversaizi. Silinda mbili ni gharama hiyo mara mbili, na spea za Onan utaagiza nje na kusubiri.

Kwa hiyo: shamba la tambarare na mfuko mdogo, chukua silinda moja iliyo nzima. Una mteremko wa kila siku, tafuta mbili yenye pampu, na utenge hela ya spea kabla hujalipia trekta.

Lolote utakalochukua, kila asubuhi liegeshe pasawa, injini ikiwa imepoa, chomoa stiki, ifute, ipime. Oili ikiwa chini ya alama, jaza SAE 30 kwanza, ndipo uwashe.